Kokteli ya likeri ya chungwa inakuwa tamu kupita kiasi: nakosea wapi?

Swali
Ndugu zangu, nimekuwa nikijaribu kubuni kokteli yangu mwenyewe kwa likeri ya chungwa, na kila mara naishia na kinywaji kizito kinachonata midomoni. Mara ya mwisho nilichanganya mililita 40 za jini, 40 za likeri, 60 za maji ya machungwa na kijiko cha shira. Nifanyeje ili chungwa lisikike bila kufunikwa na utamu?

Jibu la 1
Ndugu, likeri yenyewe ndiyo sukari ya kinywaji chako, kwa hiyo shira haina kazi hapo. Kosa la pili ni maji ya machungwa, ambayo hayana uchachu wa kutosha kushindana na sukari. Weka limau au ndimu. Angalia vipimo vya kokteli zilizokwisha kuzoeleka: White Lady hupimwa jini 40, likeri 30 na limau 20, ilhali Margarita ni tekila 50, likeri 20 na ndimu 15. Shika kimojawapo cha vipimo hivyo, kisha ubadilishe kitu kimoja tu kwa kila jaribio, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimeharibu.

Jibu la 2
Kuhusu shira nakubali, ila si lazima kila kokteli ya aina hii iwe chachu, kwani uchungu nao hukata utamu. Jaribu jini 40, Campari (kileo chekundu kichungu) 20 na likeri 15, ukoroge taratibu kwenye barafu nyingi badala ya kutikisa, kwa kuwa hakuna maji ya tunda ndani yake. Tena, harufu ya chungwa unayoitafuta imo katika mafuta ya ganda. Ndiyo maana Cointreau, likeri mojawapo ya chungwa, hutengenezwa kwa maganda ya machungwa matamu na ya madanzi. Kata ukanda wa ganda wenye upana wa kidole gumba, kwangua utando mweupe, kisha uukunje juu ya glasi, upande wa rangi ukielekea kinywaji. Utaona vitone vya mafuta vikitanda juu, na pua itavipata kabla ya ulimi.

Jibu la 3
Tahadhari moja: ukitumia limoncello, yaani likeri ya limau, mahali pa Cointreau, usidhani vipimo ni vilevile. Cointreau ina kilevi cha asilimia 40, na limoncello kwa kawaida iko chini ya hapo, hivyo kinywaji hulegea.

Mwuliza swali
Nashukuru. Nimetikisa jini 45, likeri 20 na limau 20 pamoja na majani mawili ya mrehani, bila shira. Hakinati tena. Mrehani, hata hivyo, umelifunika chungwa, kwa hiyo kesho nitabakiza jani moja na kukunja ganda juu yake.