Waziri anapomsema rafiki wa serikali yake: aondoke au aachwe?

Mkulima wa Lushoto

Ndugu zangu, naleta mezani tukio la Desemba 2016 ambalo likitajwa hutugawa. Boris Johnson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alizungumza katika mkutano mjini Roma na kusema kwamba Saudi Arabia, Iran na wengineo wanaingilia nchi za watu, wanawachezesha wanasiasa wa huko kama vibaraka na kupigana vita kwa mikono ya wengine. Gazeti la The Guardian liliyatangaza maneno hayo wakati Waziri Mkuu Theresa May alipokuwa ndiyo kwanza ametoka Manama, mji mkuu wa Bahrain, ambako alihudhuria mkutano wa wakuu wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba na kuwahakikishia kwamba usalama wa Ghuba ni usalama wa Uingereza. Ofisi yake haikuzunguka: ilisema hayo ni maoni ya waziri, si msimamo wa serikali. Siku chache baadaye waziri huyohuyo alikuwa Riyadh, anapeana mikono na wenyeji wake. Swali langu ni moja. Waziri anayepinga hadharani sera ya serikali yake kuhusu rafiki wa serikali hiyo, aheshimiwe kwa kusema kweli au aondoke? Tafadhali tusiingize dini wala mambo ya Muungano.

Karani Mstaafu

Aondoke, na hapa sioni cha kujadili. Waziri wa Mambo ya Nje ni kinywa cha serikali, na kinywa hakiwezi kuwa na rai yake peke yake. Robin Cook, waziri wa Uingereza, alipoona kwamba hawezi kuitetea vita ya Iraq alijiuzulu tarehe 17 Machi 2003, kisha akasimama bungeni na kusema aliyoyaamini akiwa ameshaacha cheo na gari. Sayeeda Warsi, waziri mwingine wa huko, alijiuzulu vivyo hivyo Agosti 2014 kwa sababu ya msimamo wa serikali kuhusu Gaza. Hata Katiba yetu, ibara ya 53, inataka mawaziri wawajibike kwa pamoja. Johnson aliandika safu za magazeti kwa miaka mingi kabla ya kupewa wizara, na kosa lake ni kutaka cheo cha waziri pamoja na uhuru wa mwandishi wa safu. Vita vya Yemen, ambako Saudi Arabia ilikuwa ikipigana, viko mbali na havituhusu. Linalotuhusu ni nidhamu ya serikali, kwa kuwa sisi wenyewe tulishaonja uchungu wake mwaka 1993, pale sehemu moja ya nchi ilipoamua kujifanyia sera yake ya nje.

Mpita Njia

Nionavyo mimi suala hili lilikwisha zamani, kwa sababu Johnson alijiuzulu kutokana na jambo hilohilo.

Mkulima wa Lushoto

Alijiuzulu Julai 2018, ndugu yangu, na sababu ilikuwa mpango wa Bi. May wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Saudi Arabia haikuhusika hata kidogo.

Mpita Njia

Alijiuzulu au hakujiuzulu? Basi hoja yangu imesimama palepale.

Mjukuu wa Mshihiri, Mombasa

Bwana Karani, nilikuwa nakusoma kwa utulivu mpaka nilipofika hapo uliposema Yemen iko mbali. Mbali na nani? Wazee wangu walitoka Shihr wakaingia Mvita kwa jahazi, na mpaka leo Mji wa Kale, Malindi na Lamu zimejaa nyumba ambazo habari za Mukalla na Seiyun huzifikia kabla hazijafika redioni. Vita vilivyopamba moto Machi 2015 kwetu ni arusi zilizoahirishwa na jamaa waliozikwa bila watu wao kuwepo. Tena Oktoba 2016, miezi miwili tu kabla ya maneno ya Roma kutangazwa, ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia zilipiga ukumbi wa matanga mjini Sanaa, wakafa zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekwenda kuhani, na muungano wenyewe ukakiri kwamba ulipiga kwa taarifa zisizo sahihi. Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kuidhinisha silaha za zaidi ya pauni bilioni 3 kwenda kwa rafiki huyo. Mtu akisema nusu ya kweli baada ya hayo yote, wewe unamwuliza kama alifuata itifaki?

Karani Mstaafu

Sheikh, matanga ya Sanaa nayaheshimu, wala sikukusudia kukutonesha kidonda. Ila umenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Wizara ya Johnson ilikuwa miongoni mwa zile zinazotoa ushauri kuhusu leseni za silaha hizo. Kama moyoni aliamini aliyoyasema Roma, mkono wake ulikuwa unafanya nini Londoni? Ndiyo maana nasema huyu hakuwa shujaa wa kweli yoyote.

Mwana wa Kikwajuni

Mzee Karani, umerusha jiwe gizani ukadhani halitampata mtu. Hiyo "sehemu moja ya nchi" ina jina, nayo ni Zanzibar. Ilijiunga na OIC, yaani Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Desemba 1992, na ikajitoa Agosti 1993 baada ya Bunge la Muungano kulivalia njuga suala hilo na kusema Katiba imevunjwa. Uganda, ambayo Waislamu wake ni wachache, ilikuwa ndani tangu miaka ya 1970, na Msumbiji ikaingia mwaka 1994, wala sikusikia kwamba huko mbingu ziliwaangukia. Sisi tuliambiwa tutoke ili Jamhuri yenyewe iangalie uwezekano wa kujiunga, na hadi leo ingali inaangalia. Kumlinganisha Rais wa Zanzibar, aliyechaguliwa na watu wake na mwenye Baraza la Wawakilishi lake, na waziri wa Uingereza anayeweza kuondolewa kwa simu moja kabla ya chakula cha mchana ni jambo ambalo mtu wa umri wako alipaswa kulionea haya. Naomba ulifute neno hilo.

Karani Mstaafu

Umri wangu hauhusiki. Mambo ya Nchi za Nje yamo katika orodha ya yale mambo 11 ya Muungano ya mwaka 1964, na aliyeisaini orodha hiyo kwa upande wa Zanzibar alikuwa Mzee Karume. Ukishakabidhi jambo, huwezi kulichukua kwa mlango wa nyuma, uwe umechaguliwa au umeteuliwa.

Mwana wa Kikwajuni

Kwa kuwa umeutaja mwaka 1964, tuendelee nao. Zanzibar ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano, na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa Bara, haikutaka hata kusikia. Hapo ndipo palikuwa na mgongano halisi wa sera kuhusu rafiki, mkubwa kuliko hotuba ya Roma. Mwalimu alitafuta njia ya kati mwaka 1965 kwa kuruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki jijini Dar es Salaam, na Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa hasira, akaiambia ichukue na uliobaki. Nyumba za Kikwajuni zilijengwa na hao Wajerumani wa Mashariki, nami nimelala ndani yake, kwa hiyo usinifundishe kwamba kila anayetofautiana na sera rasmi ni mtovu wa nidhamu.

Mkazi wa Muscat

Ndugu zangu, mwenye mada aliomba tusifike Kikwajuni. Naomba nitoe mfano wa huku nilipo. Oman ndiyo nchi pekee ya Baraza la Ghuba ambayo haikujiunga na muungano wa kivita wa mwaka 2015. Katika miaka yote niliyokaa hapa sijamsikia waziri wake akiisuta Riyadh hadharani, lakini wajumbe wa Houthi, kundi la Yemen lililokuwa likipigwa na muungano huo, walipokewa Muscat na mazungumzo yakafanyika. Uingereza ilikuwa na waziri aliyesema makali huku mauzo ya silaha yakiendelea. Oman ilikuwa na serikali iliyonyamaza huku ikikataa kupigana. Ukiwa mtu wa Sanaa, ungechagua ipi? Ndiyo maana mimi simlaumu Johnson kwa kusema wala simsifu, kwa sababu maneno yake hayakubadilisha chochote, na Wasaudi walilijua hilo, ndiyo maana walimpokea vizuri tu.

Mjukuu wa Mshihiri, Mombasa

Maneno mazuri, lakini kunyamaza kwa Muscat kuna jeuri ya mafuta nyuma yake. Kunyamaza kwa mawaziri wetu wa Nairobi na Dodoma mbele ya Riyadh kuna mabinti zetu wanaofanya kazi za ndani huko na fedha wanazotuma nyumbani. Usituuzie hofu kwa jina la hekima.

Mkazi wa Muscat

Sikuitaja Nairobi wala Dodoma, na sijui kwa nini nimeshambuliwa. Mimi nami nina dada aliyewahi kufanya kazi hizo.

Mkulima wa Lushoto

Naomba turudi. Kuna jambo Karani alilisema ambalo limepitwa bila jibu: kwamba wizara ya Johnson yenyewe ilikuwa ikitoa ushauri kuhusu leseni. Juni 2019 Mahakama ya Rufani mjini London iliamua kwamba utaratibu wa leseni hizo haukuwa halali, kwa sababu serikali haikufanya tathmini kama mashambulizi yaliyopita yalivunja sheria za kibinadamu. Kwa hiyo ule "msimamo wa serikali" ambao Karani anataka waziri ausemee au aondoke ulikuwa na kasoro ya kisheria ndani yake. Je, nidhamu ya baraza inadai mtu aulinde hata huo?

Karani Mstaafu

Inadai aondoke kama hawezi kuulinda. Nimeshasema hivyo tangu mwanzo, na mahakama haijanipinga. Hata Malcolm Rifkind, wa chama chake mwenyewe na aliyewahi kushika wizara hiyo, alidokeza kwamba huenda kiti kingine kingemfaa zaidi.

Mjukuu wa Mshihiri, Mombasa

Basi wangeondoka wengi, na wa kwanza wao asingekuwa yule aliyesema. Tumalize hili la leseni kwanza, na ya OIC tuyaache.

Mwana wa Kikwajuni

Ya OIC hayaachwi mpaka Mzee Karani afute neno lake.