Naomba ushauri: kayaki hadi Ssese, tuvuke saa ngapi?

Wakuu, habari za leo. Sisi ni kikundi cha marafiki wanane hapa Entebbe, tunataka kwenda kwa kayaki hadi visiwa vya Ssese mwezi Julai, tukilala njiani. Kinachoninyima usingizi ni hali ya hewa. Radi na dhoruba za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu pepo za nchi kavu hutoka kila upande na kukutana katikati ya ziwa. Mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na miezi hiyo kusi huzidisha mawimbi. Wavuvi wananiambia tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, ila naogopa dhoruba ya usiku itakuwa haijatulia.

Utabiri nausoma, na jaketi za kuokolea zipo za kutosha. Lakini wawili kati yetu ndio kwanza wanajifunza kupiga kafi, nao ndio nawawazia zaidi. Tukodi boti ya injini itufuate? Au tuache kuvuka, tuambae na mwambao tu? Na wingu jeusi likijitokeza, nyinyi huamua vipi kurudi au kuendelea? Mliowahi kupita huko, nisaidieni tafadhali.