Ziwa Kivu, Fort Portal au Tukuyu hadi Matema: njia ipi inafaa kwa baiskeli ya changarawe mwezi wa Julai?

Mwendo wa Pole (Arusha), mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, habari za siku. Tuko watatu, wawili wa Arusha na dada yetu mmoja wa Nairobi, na tumetenga siku tano za kuendesha mwezi wa Julai. Tunatafuta barabara za udongo na changarawe zenye ziwa upande mmoja na msitu upande wa pili, bila kumeza vumbi la malori kutwa nzima. Matairi yetu ni ya milimita 40 kwa baiskeli mbili na 45 kwa ya tatu. Mzigo ni mifuko ya fremu na ya nyuma ya tandiko tu. Hatubebi mahema, kwa hiyo kila jioni ni lazima tufike penye nyumba ya wageni.

Tumebakiwa na njia tatu mezani. Ya kwanza inafuata ufuko wa mashariki wa Ziwa Kivu nchini Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi kupitia Karongi, kilomita 227. Ya pili ni kuzunguka maziwa madogo ya volkeno yaliyo kusini mwa Fort Portal, Uganda, pembezoni mwa Msitu wa Kibale. Ya tatu ni ya nyumbani: kuanzia Tukuyu, kupitia Ziwa Masoko, kisha kuteremka hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa. Picha hazinisaidii, maana njia yoyote ikipigwa picha alfajiri inapendeza. Naomba waliopita wanieleze hali halisi ya barabara, na zaidi ya hapo wanieleze ni wapi ziwa na msitu vinakutana kweli, mahali ambapo mtu anaweza kuegemeza baiskeli na kuviona vyote viwili kwa pamoja.

Bonde kwa Bonde (Kigali)

Njia ya Kivu nimeipita mara mbili, mara ya kwanza kwa siku nne na mara ya pili kwa siku sita, na ile ya siku nne nilirudi nayo nikiwa nimechoka kiasi kwamba sikukumbuka nusu ya nilichokiona. Ufuko ule umekatika kama meno ya msumeno. Njia inashuka hadi kwenye ghuba, inavuka kijito, inapanda mgongo wa kilima hadi ukahisi unaliacha ziwa, kisha inashuka tena kwenye ghuba inayofuata. Ukiangalia ramani unaona umesogea kilomita tatu. Ziwa lenyewe liko kwenye mwinuko wa mita 1,460, kwa hiyo hewa ni ya kupendeza, lakini magoti hayajali hewa.

Sehemu nzuri kuliko zote ni kati ya Rubavu na Karongi, hasa kuzunguka Kinunu, ambako njia ya udongo inapita katikati ya mashamba ya kahawa. Jioni wavuvi hutoka na mashua zao tatu tatu zilizofungwa pamoja, wakiimba kufuatisha kasia, kwenda kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, kwa taa. Kuna pia barabara ya lami inayokwenda sambamba na njia hii, jambo ambalo wengine hulilalamikia, nami naliona kuwa faida: mwenzenu akishindwa, lami haiko mbali, na kwenye lami kuna gari.

Kuhusu swali lako la msitu, nitasema ukweli ingawa ni kwetu. Utaona migomba, kahawa, chai na mikaratusi. Msitu wa asili hautauona hadi mwisho kabisa, kwa maana Nyungwe iko juu, mashariki mwa Rusizi, na barabara inayoikata ni ya lami. Nyungwe imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023 na inastahili safari yake, lakini ni safari nyingine.

Mambo mawili ya kuzingatia. Magari kwetu yanapita kulia. Tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jumuiya, na hamtaendesha mpaka zimalizike.

Mama Wawili (Bukoba)

Naongeza neno moja juu ya Rubavu. Mji huo umepakana na Goma, mji wa Kongo uliochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025. Kabla ya kununua tiketi, ulizeni hali ilivyo wiki hiyo, msitegemee maelezo ya waliopita miaka ya nyuma.

Adyeri (Kampala)

Mwanzisha mada, kwa kigezo chako cha kuegemeza baiskeli na kuona ziwa na msitu kwa pamoja, jibu ni Fort Portal, na sisemi hivyo kwa sababu ya upenzi. Maziwa yale ni madogo, mengine unaweza kurusha sauti ikafika ng'ambo, na yamekaa ndani ya mashimo ya volkeno yenye kuta zilizosimama wima. Nkuruba limezungukwa na msitu wake lenyewe, na mbega wanaruka juu ya kichwa chako huku unapiga pampu. Nyabikere liko kwenye ukingo wa Kibale kabisa. Nyinambuga ndilo lile lililo kwenye noti yetu ya shilingi 20,000, kwa hiyo dada wa Nairobi anaweza kulilinganisha papo hapo.

Barabara za kati ya maziwa ni za udongo mwekundu uliochanganyika na kokoto, nyembamba, zenye vilima vifupi lakini vikali. Julai kwa kawaida si msimu wa mvua kubwa. Hizo ni za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Hata hivyo ikinyesha saa moja tu, udongo ule unageuka sabuni. Niliwahi kusimama nikidhani breki zimekamata, kumbe matope yameshikana kati ya tairi na uma wa mbele hadi gurudumu limegoma kabisa, nikayachokoa kwa kijiti cha muhogo. Matairi ya milimita 45 kwenye fremu iliyobana ni hatari kuliko ya 40, kwa sababu hayaachi nafasi ya matope kutoka.

Kuna kasoro pia. Barabara inayoupasua msitu wenyewe, kutoka Fort Portal kwenda Kamwenge, ni ya lami. Ni tulivu na miti inafunika pande zote, lakini si changarawe, na tembo huivuka. Mkiona kinyesi kibichi, subirini gari litangulie. Njia za ndani ya hifadhi si za baiskeli.

Halafu mtaulizwa *empaako*. Watooro wana majina kumi na mawili ya heshima na upendo, na mwenyeji hapendi kukusalimu mikono mitupu. Mgeni asiye nalo hupewa. Mimi nilipewa Adyeri na mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya matoke, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuiongoza akiwa pembeni. Alinipita kwenye mlima nikiwa nimeshuka napumua.

Ndaga Sana (Mbeya)

Nashukuru kwamba Tukuyu imetajwa. Walimwengu wanaipita wakikimbilia mpaka wa Kasumulu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: msemo huo ulitungwa kwa ajili ya njia hii. Kutoka Tukuyu mnateremka zaidi ya mita 1,000 hadi usawa wa Ziwa Nyasa, ambalo liko kwenye mwinuko usiofika mita 500. Asubuhi mko kwenye ukungu na mashamba ya chai mkiwa na makoti; mchana mko kwenye kakao na mpunga wa Kyela mkitafuta kivuli. Ziwa Masoko liko njiani, duara tulivu ndani ya shimo la volkeno, na inasimuliwa kwamba sarafu za Wajerumani bado huokotwa ufukweni. Baada ya hapo kuelekea Ipinda ndipo penye mteremko mkali wa mawe yaliyolegea. Mimi nilishika breki mfululizo hadi nikasikia harufu ya kuungua, na nilipogusa diski kwa kidole nilijuta kwa wiki nzima. Shikeni, achieni, shikeni, achieni. Na bebeni pedi za akiba, kwa sababu Tukuyu mtapata spoku na tyubu za baiskeli za kawaida lakini pedi za diski hamtazipata.

Kutoka Ipinda hadi Matema siku hizi ni lami. Matema yenyewe ni zawadi: mchanga, maji, na Milima ya Livingstone imesimama ukutani.

Msitu na ziwa vinakutana kwenye Ziwa Ngozi, huku huku Rungwe, na vinakutana vizuri kuliko popote nilipowahi kufika, miti imeshuka hadi kwenye maji. Lakini baiskeli inabaki kijijini. Kule ni kwa miguu, na njia ina utelezi hata Julai, maana Rungwe haijui kiangazi kamili.

Neno la mwisho ni la usafiri. Basi moja lililobeba baiskeli yangu kutoka Dar lilipanga magunia juu yake kwenye buti, na kile kipande cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilishio cha gia kilipinda. Nililala Mbeya siku nzima nikikinyoosha. Kibebeni cha akiba, na kifungueni kibadilishio kabla ya kupakia.

Fundi wa Spoku (Moshi)

Mkuu, kwa watu watatu wenye nguvu tofauti, angalia kwanza umbo la njia. Kivu na Matema ni mistari: ukiianza sharti uimalize. Fort Portal ni vitanzi. Aliyechoka anarudi alikolala jana.

Mwendo wa Pole (Arusha), mwanzisha mada

Nawashukuru nyote. Hoja ya vitanzi ndiyo iliyokata shauri, kwa sababu dada yetu ametoka kwenye jeraha la goti na sikutaka kumsema hadharani mapema. Tutakwenda Fort Portal, tutalala karibu na Nkuruba usiku tatu na kijijini Bigodi, kando ya Kibale, usiku mbili, na kila asubuhi tutatoka bila mifuko. Kivu tunaiwekea siku saba za mwaka mwingine. Matema nitaipeleka familia kwa gari, niwaonyeshe huo mteremko nikiwa nimefunga mkanda.

Tairi la 45 la gurudumu la nyuma tunalibadilisha kuwa 40 wiki hii.

Adyeri (Kampala)

Vizuri. Msisahau kadi za chanjo ya homa ya manjano, zinaulizwa mpakani. Na kijiti cha muhogo mtakipata huku huku.