Mkufunzi wa bega la kiharusi, Malindi

Assalaam alaykum wenzangu. Tunaandaa mafunzo ya siku moja hapa Malindi, ya kutunza bega la mgonjwa aliyepooza mkono kwa kiharusi. Chama cha fiziotherapia kimependekeza wakufunzi wawili. Tuwapime vipi?

Jibu: Anza na leseni. Hutolewa na Baraza la Fiziotherapia, chini ya sheria ya 2014, si na chama. Uenyekiti wa chama hauchukui nafasi yake.

Jibu: Ndugu, muulize ataonyesha nini kwa mikono. Anayefaa huanza na kukataza kumvuta mgonjwa mkono akiinuliwa kitandani, kisha hufundisha kuongoza bapa la bega (mfupa mpana wa nyuma ya bega) mkono ukiinuliwa kupita nyuzi 90. Akitaka mgonjwa auvute mkono juu kwa kamba na kapi (gurudumu la kupitishia kamba), mkatae kabisa! Mkono hupanda, bapa likabaki nyuma, bega likauma.

Muulizaji: Ahsanta. Nitawaomba mpango wa somo kabla ya kutuma nauli.