Fegi mbili tatu kwa siku nazo zina madhara?

Kifaru_mpole: Wakuu habari zenu, mi navuta fegi mbili tatu tu kwa siku, moja baada ya kula nyingine nikiwa na stresi, sasa shemeji yenu ananiambia eti najiua taratibu, mi naona wanaokwisha ni wale wa pakiti nzima. Nani yuko sahihi?

Mkongwe77: Shemeji huyo msikilize mkuu. Watu wanadhani ukishuka toka 20 hadi moja hatari nayo inashuka mara 20, wapi! Kwa upande wa moyo hata moja tu kwa siku inakubebesha karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo anayevuta 20. Na moshi wenyewe una kemikali zaidi ya 7,000.

Mama_Kahawa: Mi niliacha baada ya miaka 11, wiki ya kwanza nilikuwa mkali kama pilipili, mikono haijui ikae wapi, nikawa natafuna njiti za meno tu hahaha. Kikohozi cha asubuhi ndo kilichelewa kuondoka. Halafu usivutie ndani, watoto wanavuta na wao.

Kifaru_mpole: Duh, hiyo ya nusu imenishtua. Ila ile ya baada ya kula ndo ngumu aisee