Naomba ushauri: Ramani ya visima tuliyotengeneza, tunaweza kuigawa bila kuvunja sheria?

Habari zenu wakuu. Mimi na wenzangu wawili tumekusanya data za visima vya maji kwa GPS ya simu, tukitembea kwa miguu wiki kadhaa. Barabara na mito tumechukua OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Sasa shirika moja linaomba tulipatie faili zima, na hapo nimekwama.

Najua tangu 2012 OpenStreetMap inatumia leseni ya ODbL: lazima uwataje wachangiaji, na ukiiendeleza hifadhidata yao kisha ukaitoa hadharani, uitoe kwa leseni hiyohiyo. Je, visima vyetu tukiviweka kwenye tabaka la peke yake, leseni ile inavigusa?

Kuna linaloniuma zaidi. Mwenzetu mmoja amekiri kwamba visima kadhaa hakuvifikia, alivichora juu ya picha za setilaiti za Google Maps, na masharti yao hayaruhusu kunakili hivyo. Yeye anasema mahali kisima kilipo ni ukweli tu, hauna mwenyewe. Mimi naona masharti ni mkataba, hata kama ukweli hauna hakimiliki, kwa hiyo tuvifute tukapime upya. Nakosea?

Halafu visima vingine viko ndani ya nyua za watu, na jedwali lina majina na namba zao za simu. Walitujibu kwa kutuamini. Kufuta majina kunatosha kweli, wakati nukta yenyewe inaelekeza mlangoni kwao?

Mwenye uzoefu anisaidie, hasa hilo la mwisho.