Tiger Woods au Jack Nicklaus: nani mkali wa gofu wa zama zote?

Wadau, ubishi huu hauishi, na kila ukianza upande wa Nicklaus unarusha namba ileile: mataji makubwa (Masters, US Open, British Open na PGA) 18 kwa 15 ya Tiger. Sibishani na hesabu. Ila 18 inatuambia nani alidumu zaidi. Nicklaus alibeba la kwanza 1962, la mwisho Masters ya 1986 akiwa na miaka 46. Heshima yake. Mimi nauliza nani alicheza gofu bora kuliko binadamu yeyote, na hapo naona hakuna mashindano.

Tazameni US Open ya 2000 pale Pebble Beach. Tiger alishinda kwa tofauti ya mikwaju 15! Waliofungana nafasi ya pili, Ernie Els na Miguel Ángel Jiménez, walimaliza wakiwa mikwaju mitatu juu ya kiwango cha uwanja. Yeye alikuwa 12 chini, na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Mwaka huohuo akachukua British Open na PGA, na Aprili 2001 akaongeza Masters. Mataji yote manne yakawa mikononi mwake kwa wakati mmoja, jambo ambalo Nicklaus hakulifanya.

Mtasema Nicklaus alipambana na Palmer, Player, Trevino na Watson, wakati Tiger alikuta vibonde. Hoja hii ina uzito, lakini jiulizeni kwa nini akina Els na Mickelson wanaonekana wadogo. Nani aliwanyima mataji?

Na wenzangu wa upande wa Tiger, acheni ile ya "asingeumia angefika 20". Mataji hayahesabiwi kwa "ange". Kati ya ushindi wake wa 2008 na ule wa 2019 hakupata taji kubwa hata moja, na si yote yalikuwa ya mgongo na goti. Mengine alijitakia mwenyewe. Kama ni majeraha, tajeni US Open ya 2008 pale Torrey Pines: mguu una nyufa kwenye mfupa, akacheza mashimo 91 na kombe akabeba.

Anayemtetea Nicklaus aniletee mwaka wake mmoja wa kuushinda 2000. Najua mtaleta 1972: Masters, US Open, kisha British Open ikamponyoka kwa mkwaju mmoja tu mbele ya Trevino. Mwaka mtamu kweli. Ila US Open hiyo nayo ilichezwa Pebble Beach, na alishinda kwa mikwaju mitatu.